Aliheshimiwa Kabla ya Kuliwa: Asili ya Kuku na Deni Letu Kwake



Desturi ya mhadhara wa uprofesa humtaka anayepanda jukwaani aeleze anachokitafiti, na kwa nini jamii inayomlipa ijali. Mimi hutafiti mabaki ya wanyama waliofugwa zamani, na niliyemchagua jioni ya leo ni kuku. Hakuna ndege mwingine mwenye idadi kubwa kama yeye: wakati wowote ule duniani wako zaidi ya bilioni 20, yaani zaidi ya wawili kwa kila binadamu. Wala hakuna mfugo uliozoeleka kama yeye, hata tumeacha kujiuliza alifikaje uani.

Hoja yangu ni moja. Kwa sehemu kubwa ya historia yake pamoja nasi, kuku hakufugwa hasa kwa ajili ya nyama wala mayai. Alijisogeza kwa watu, wakamheshimu, wakasafiri naye, wakazikwa naye. Kuliwa kila siku kulikuja mwishoni. Vijiji vyetu bado vinamthamini kwa namna hizo za mwanzo. Kwa hiyo tunapompima kuku wa kienyeji kwa kilo peke yake, tunampima kwa kazi yake changa kuliko zote, na mengine yote yanatuponyoka.

Ndege wa msituni na shamba la mpunga

Misitu ya kusini na kusini mashariki mwa Asia hadi leo ina kuku wasiofugwa na mtu. Jogoo wao ana manyoya ya shingoni yenye rangi ya dhahabu na wekundu, mkia mweusi unaong'aa ukijani, na upanga mwekundu kichwani. Mtetea amefanana na majani makavu anayoatamia juu yake. Jua likizama hurukia mtini kulala. Alfajiri jogoo huwika, na ingawa sauti yake hukatika mapema kuliko ya jogoo wetu, hakuna kati yetu atakayeuliza ni ya ndege gani. Jina lake la kisayansi ni Gallus gallus. Mtetea wa msituni hutaga mayai 4 hadi 6 tu, kisha huatamia.

Mwaka 1868 Charles Darwin aliandika kwamba kuku wote wa nyumbani wametokana na ndege huyo. Vinasaba vimemuunga mkono kwa sehemu kubwa. Mwaka 2008 ilibainika kwamba ngozi na miguu ya manjano waliyo nayo kuku wengi ilitoka kwa ndugu yake, kuku wa kijivu wa misitu ya India, kwa hiyo damu ya nyumbani ina mchanganyiko. Mwaka 2020 utafiti uliolinganisha jenomu 863 ulionyesha kwamba asili kuu ya kuku wetu ni tawi la spadiceus, linaloishi kusini magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar.

Vinasaba hutuambia ukoo. Wakati na sababu ya kufugwa huonekana zaidi kwenye mifupa. Mwaka 2022 timu ya kimataifa ilitangaza matokeo ya kupitia upya mabaki ya kuku kutoka maeneo zaidi ya 600 katika nchi 89. Mifupa ya kale zaidi iliyokubalika bila shaka kuwa ya kuku wa nyumbani ilitoka Ban Non Wat, katikati ya Thailand, ya kati ya mwaka 1650 na 1250 KK. Matokeo hayo yalitikisa vitabu vyetu, kwa kuwa vingi vilikuwa vikihesabu miaka 8,000 na zaidi.

Ni nini kilichotokea huko wakati huo? Wakulima walikuwa wameanza kulima mpunga wa nchi kavu na nafaka ndogo za jamii ya ulezi. Walifyeka msitu na kuacha vichaka pembezoni mwa shamba. Nafaka ilimwagika wakati wa kuvuna, wa kupura na wa kuhifadhi. Ndege aliyekuwa akichakura sakafu ya msitu akitafuta mbegu na wadudu akakuta mahali ambapo mbegu hazikosekani. Waliovumilia kukaa karibu na watu walishiba wakazaa wengi, na walioogopa wakabaki msituni. Kizazi baada ya kizazi, uvumilivu huo ukawa tabia ya ukoo. Haya ndiyo maelezo ya watafiti hao, nami nayaona yana nguvu, kwa sababu kadiri kilimo cha nafaka kilivyosambaa, ndivyo kuku naye alivyosambaa.

Mfupa unavyosema kuku alifugwa kwa nini

Mtauliza tunajuaje kwamba hakufugwa kwa ajili ya kitoweo. Naomba niwaonyeshe mfupa mmoja kwa karibu. Ukikata mfupa wa paja la mtetea aliyekufa akiwa anataga, utaukuta uwazi wake wa ndani umejaa chembechembe za mfupa laini. Hiyo ni akiba ya kalsiamu: usiku, gamba la yai linapojengwa, mwili huchota humo. Kwa mtetea asiyetaga, mahali hapo ni patupu. Ukiutazama mguu wa chini wa jogoo, utaona kipi, na ukubwa wake hukudokezea umri wake. Alama za kisu kwenye viungo nazo huonyesha kama alichinjwa na kukatwakatwa. Kwa hiyo rundo la mifupa ni ushahidi: tunahesabu majogoo na mitetea, tunaangalia umri wao, tunatafuta kisu kilipita wapi.

Sasa tazameni Ulaya. Watafiti walipopima kwa kaboni mifupa 23 iliyodhaniwa kuwa ya kuku wa kwanza wa Ulaya na kaskazini magharibi mwa Afrika, mingi ilikuwa michanga kuliko ilivyodhaniwa. Mifupa ya kuku ni midogo, na wanyama wanaochimba mashimo huishusha hadi tabaka za kale zaidi. Ilionekana kuwa kuku alifika Ulaya karibu mwaka 800 KK. Na kwa karne kadhaa baada ya kufika, watu hawakumla. Huko Uingereza mabaki ya wakati huo ni ya kuku wazima waliozikwa bila alama ya kisu, wengi wao wazee. Mmoja aliyepatikana kusini mwa nchi hiyo alikuwa amevunjika mguu, na mfupa ukaunga vizuri: kuna mtu aliyemtunza alipokuwa hawezi kujitafutia. Julius Caesar mwenyewe aliandika kwamba watu wa kisiwa hicho waliona ni mwiko kumla kuku, ingawa walimfuga.

Misri nako alianza kama ajabu. Mwanaakiolojia Howard Carter alipokuwa akichimba karibu na kaburi la Farao Tutankhamun alipata kigae chenye picha ya jogoo iliyochorwa kwa mkono mwepesi wa mtu aliyemwona ndege huyo kwa macho yake. Karne nyingi zikapita kabla Wamisri hawajajenga matanuru makubwa ya kuangulia mayai, ufundi uliowashangaza wageni kutoka Ugiriki. Roma ilifuga kuku watakatifu, na majemadari waliwatazama wakila ili kujua kama vita vitakuwa vya heri.

Badiliko kubwa linaonekana Maresha, katika nchi ya Israeli ya leo, kati ya karne ya 4 na ya 2 KK. Huko imechimbwa mifupa ya kuku zaidi ya 1,000. Mitetea ni karibu mara mbili ya majogoo, na alama za kisu ni nyingi. Hapo kuku amekuwa riziki ya mji. Kutoka Ban Non Wat hadi Maresha kuna takriban miaka elfu moja, na katika muda huo wote ndege huyu alikuwa mgeni wa heshima kuliko kuwa kitoweo.

Njia zake kuja kwetu

Afrika Mashariki ilimpata kuku kwa milango zaidi ya mmoja. Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, imetoa mifupa ya kuku iliyopimwa yenyewe na kuonekana kuwa ya kati ya mwaka 820 na 595 KK. Hao walipita Bahari ya Shamu au bonde la Nile.

Kwetu Pwani suala hili limejadiliwa kwa miaka mingi. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza mifupa ya kuku kutoka mapango ya Zanzibar, akaipa umri mkubwa sana. Uchunguzi wa baadaye, uliochapishwa mwaka 2017 na uliotumia kolajeni na vinasaba vya kale pamoja na umbo la mifupa, uliwapata kuku wa hakika Unguja Ukuu na Fukuchani kuanzia karne ya 7 hadi ya 8 BK, karibu wakati mmoja na panya weusi waliokuja na vyombo. Ugumu uko kwenye mifupa yenyewe: ya kanga na ya kwale hufanana mno na ya kuku. Mjadala huo ulitunufaisha sote, kwa sababu bila Chami kuuliza swali hilo, mapango hayo yasingerudiwa kwa makini kiasi hicho.

Kuku hao walikuja na pepo za kaskazi. Vinasaba vya kuku wa vijijini Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan, vilivyochapishwa mwaka 2011, vinaonyesha kwamba waliletwa kwa awamu kadhaa. Ukoo wa upande wa mama ulioenea zaidi unaelekea Bara Hindi, na mwingine unaelekea Asia ya Kusini Mashariki. Uani kwa bibi mmoja unaweza kukuta koo wa ukoo wa Bara Hindi na jogoo ambaye mama zake walitoka ng'ambo ya pili ya bahari, wote wakichakura jaa moja.

Jambo linalonigusa zaidi ni la Madagaska. Wakazi wake wa kwanza waliovuka bahari kutoka visiwa vya Indonesia walileta lugha yao na mazao yao. Ingetazamiwa kuku wao nao watoke huko. Lakini utafiti wa mwaka 2017 uliwakuta kuku wa Madagaska wakiwa na asili ya Afrika Mashariki. Waliwapata upande wetu wa bahari. Watu wa mwambao huu, basi, hawakuwa wapokeaji tu. Walifuga, wakazalisha, wakawapelekea wengine.

Heshima ambayo haijaisha

Ile miaka elfu moja ya heshima ninayoisoma kwenye mifupa, katika nchi zetu bado inaonekana mchana kweupe. Buganda, bwana harusi akienda kujitambulisha ukweni, jogoo wa shemeji, kaka wa binti, hakosekani. Bila yeye mambo hayajatimia. Zamani wanawake wa Kiganda walimpika kuku wasimle, mwiko ambao umelegea katika miaka ya karibuni. Kwa Waluhya, mgeni hajakaribishwa mpaka achinjiwe kuku, na firigisi ni ya mwenye nyumba. Pwani, kuku wa kupaka ni chakula cha siku yenye jambo.

Dini nazo zimempa nafasi. Katika hadithi za Mtume Muhammad zilizopokewa na Bukhari na Muslim, muumini anayesikia jogoo akiwika anafundishwa kumwomba Mwenyezi Mungu fadhila zake, kwani jogoo amemwona malaika. Katika Injili, jogoo ndiye anayemkumbusha Petro kwamba amemkana Bwana wake. Siasa pia ilimwita: chama cha KANU cha Kenya kilimchukua jogoo kuwa alama yake.

Waliopanga safari kwa jogoo la kwanza na la pili walikuwa na saa ya kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya walithibitisha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika kwa saa iliyo ndani ya mwili wake. Waliwafungia majogoo mahali penye mwanga hafifu usiobadilika, nao wakaendelea kuwika kwa mzunguko wao. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba jogoo mkubwa wa kundi huwika kwanza, na wadogo hufuata kwa zamu ya vyeo vyao.

Maabara nazo zina deni kwake. Kwenye miaka ya 1890, huko Java, Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa sana wakidhoofika miguu, na kutoka hapo dunia ikaelekea kwenye elimu ya vitamini. Kila msafiri wa Afrika Mashariki mwenye kadi ya manjano ana chanjo ya homa ya manjano iliyokuzwa ndani ya mayai ya kuku yenye kiinitete, kazi iliyompatia Max Theiler Tuzo ya Nobel mwaka 1951.

Zama za kilo

Kuku wa nyama tunayemjua leo ana umri wa mtu mzee. Mwaka 1923 Cecile Steele wa Delaware, Marekani, aliagiza vifaranga 50 vya kutaga, akaletewa 500 kwa makosa. Akawalea wote, akawauza kwa nyama, na faida yake ikawavuta majirani. Mwaka 1948 fainali ya taifa ya shindano la kumtafuta "kuku wa kesho" ilifanyika huko huko Delaware, na lengo lilikuwa kifua kipana na ukuaji wa haraka. Watafiti wa Alberta, Kanada, walipowalea pamoja kuku wa mbegu za nyakati tatu, kwa chakula kile kile, matokeo ya siku 56 yalikuwa haya: wa mbegu ya mwaka 1957 alifika gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202.

Sidharau kazi hiyo. Kuku wa nyama na mayai ya kisasa vimewapa watoto wa mijini protini ambayo wazazi wao hawakuimudu. Vijana wengi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaishi kwa banda la kuku mia mbili. Lakini kuku huyo amechaguliwa kwa jambo moja. Anahitaji chakula cha kununua, joto la kulelea, dawa na chanjo kwa ratiba, na mbegu yake inamilikiwa na kampuni chache za mbali. Mfugaji hawezi kuizalisha mwenyewe.

Kuku wa kienyeji amechaguliwa na jua, njaa, mwewe na magonjwa, pamoja na jicho la mwenye nyumba. Kishingo, asiye na manyoya shingoni, hutoa joto la mwili kwa urahisi, na nchi za joto zote zinamhitaji. Kuchi ana kimo na nguvu; Ching'wekwe ni mfupi, na anajimudu kwa kidogo. Mtazameni koo mwenye vifaranga mwewe anapopita: hutoa mlio mmoja mrefu, na vifaranga vyote vinajibana chini ya majani bila kupepesa. Akija paka, mlio ni mwingine, wa kukatika-katika. Kuku aliyekulia ndani ya kizimba cha kiwanda ana milio hiyo pia, ila hajawahi kufundishwa na maisha maana yake.

Ninachoomba

Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, na akiangua halei. Walikuwa wakieleza hali halisi ya uani. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuua tisa katika kila kumi au kuwamaliza wote. Kinachokufa ni akiba ya mama: karo, daftari, nauli ya hospitali. Katika kaya nyingi za kwetu kuku ndiye mfugo ambao mwanamke anaweza kuuza bila kuomba ruhusa ya mtu.

Dawa ipo. Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na inayotengenezwa Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Mtu mmoja anamlaza kuku ubavu, jicho moja likitazama juu. Mwingine anadondosha tone moja, anasubiri apepese macho lienee, kisha anamwachia. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hakuna sindano, na mtu yeyote wa kijijini anaweza kufundishwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, halmashauri zetu ziweke siku za chanjo ya mdondo kwenye kalenda kama zinavyoweka siku za kliniki ya watoto, na wachanjaji wawe wanawake wa vijiji hivyo. La pili, kabla hatujagawa majogoo ya kisasa kila kijiji kwa nia njema ya kuongeza kilo, tuorodheshe kwanza koo zilizopo na tuhifadhi zile zilizo hatarini, maana zikishachanganywa hazirudi. La tatu ni lenu, wanafunzi. Bibi zenu wanajua koo yupi ni mlezi mzuri, yai lipi halitaanguliwa, jogoo yupi abaki na yupi auzwe. Huo ni uteuzi wa mbegu wa karne nyingi, na haujaandikwa. Nendeni mkauandike kwa majina ya wanaoujua, kwa lugha wanayoutumia.

Viwango vya serikali na mikopo ya benki vinauliza kuku ana uzito gani na anataga mayai mangapi. Maswali hayo yabaki. Tuongeze mengine: anaishi miaka mingapi bila kununuliwa chakula? Analea vifaranga vingapi hadi vikomae? Anastahimili joto gani? Anamilikiwa na nani, na fedha yake inafanya nini nyumbani? Tukimpima hivyo, kuku wa kienyeji hataonekana tena kuwa ufugaji duni unaosubiri kuondolewa. Ataonekana alivyo, kazi ya pamoja ya ndege na watu, na kazi hiyo inastahili bajeti, maabara na wanafunzi wa uzamivu.